Kisu Alichoagizwa Mzee Ndesario

Wiki iliyopita nilipeleka kisu cha jikoni kunolewa pale Rau, kwa kijana mmoja aliyegeuza baiskeli yake kuwa mashine. Anakaa juu, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Harufu ilinifikia kabla ya cheche. Chuma kilichopata moto kina harufu yake, kama damu ya puani iliyochanganyika na vumbi. Yule kijana akaniuliza, "Dada, mbona unarudi nyuma? Haziunguzi hizi." Nikamwambia najua. Nilikuwa najua kweli, nimesoma fizikia mpaka chuo kikuu. Miguu yangu ndiyo haikusoma.

Nitawaambia nilichokumbuka, mradi msinicheke mapema.

Nilikulia Kibosho, kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Babu mwenyewe sikumkuta. Baba yangu mdogo, Prosper, alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, na kila alipopata Jumamosi ya mapumziko alipanda nyumbani. Mchana angekaa nyuma ya jiko na wenzake wawili: jirani yetu Babaake Rogati, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye wote tulimwita Mwalimu tu. Walikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuzungumza habari za visu. Si mpira, si siasa. Visu.

"Mimi nataka cha kukunja," Baba mdogo alikuwa akisema. "Lakini nikikifungua kikaze chenyewe, kisinirudie vidoleni."

"Cha kukunja ni cha kumenyea machungwa," Mwalimu alimjibu. "Kisu ni cha kuwindia. Makali ya shubiri nzima, mgongo mnene, mpini wa mringaringa."

"Utawinda nini, Mwalimu? Kuku wa mkeo?"

Babaake Rogati yeye alitaka kulabu ndogo mgongoni mwa kisu, ya kuchania ngozi ya mbuzi bila kutoboa tumbo. Wiki iliyofuata aliongeza na kifungulia soda. Walitoa mifukoni visu vyao vya dukani, wakavipitisha mkono kwa mkono na kuvisema vibaya mmoja baada ya mwingine: hiki kimelegea, hiki mpini unateleza ukilowa, hiki hakikati hata parachichi. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona yeyote kati yao akiwinda kitu. Lakini waliongea kana kwamba kesho asubuhi wanaingia msituni.

Mazungumzo yaliishia mahali pamoja siku zote. Mmoja angeshusha pumzi na kusema, "Ila sasa, nani wa kukitengeneza?" Wakarudisha visu mifukoni.

Wakati huohuo, kutoka ng'ambo ya mfereji, nyundo ya Mzee Ndesario ilikuwa ikigonga. Alikuwa mhunzi. Miundu karibu yote ya kijiji ilitoka kwake. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nikauliza, "Si Mzee Ndesario?"

Mama aliita kutoka jikoni, "Manka! Njoo uoshe vyombo." Vyombo nilikuwa nimeshaviosha.

Mtoto mwingine angeelewa kwamba hapo pana jambo. Mimi nilielewa kwamba watu wazima ni wavivu. Nikachukua daftari langu la hesabu nikachora kisu chenye matakwa ya wote watatu: cha kukunja, chenye makali ya shubiri nzima, mgongo mnene, kulabu, kifungulia soda, mpini wa mringaringa. Nikachana ukurasa, nikavuka mfereji.

Kibanda chake kilikuwa wazi pande mbili. Ndani kulikuwa na moto, mivukuto ya ngozi, fuawe, lile pande la chuma la kugongea, springi za lori zimelundikwa pembeni, na ile harufu. Yeye alikuwa mzee mfupi, mwenye mikono mirefu na makovu madogo meupe hadi viwikoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nani angepokea kazi ya mtoto wa darasa la tatu? Nikasema, "Baba mdogo Prosper."

"Prosper wa wapi?"

"Wa hapo ng'ambo. Kwa Babu Aloisi."

Aliweka nyundo chini. Alifuta mikono kwenye suruali, upande wa ndani na wa nje, ndipo akaipokea ile karatasi. Aliitazama muda mrefu kuliko inavyohitaji picha ya kisu.

"Amesema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Haya. Jumamosi ijayo aje mwenyewe kukichukua. Mwambie hivyo. Aje mwenyewe."

Nilirudi mbio, nimejaa furaha. Furaha ilidumu mpaka Jumatatu, nilipomsimulia Rogati, mtoto wa jirani yetu, tukiwa tunafagia uwanja wa shule. Ufagio ulimponyoka.

"Umeagiza kwa jina la mtu? Wewe Manka una wazimu! Mhunzi ukimwagiza kitu halafu usiende kukichukua, anapiga nyundo juu ya fuawe tupu na kutaja jina lako. Unakufa."

"Nani alikufa?"

"Watu."

"Watu gani? Taja hata mmoja."

"Nenda kamwulize yeye," akasema Rogati. "Na jina si lako, ni la baba yako mdogo. Atakufa yeye."

Mpaka leo nikisikia jambo nauliza: nani aliona? Lakini jibu la "watu" halina mlango wa kuingilia ukabishana nalo. Usiku ule nilihesabu siku. Baba mdogo alikuwa amerudi kazini kabla sijamwambia, maana nilitaka kumshtukiza, na Jumamosi hiyo hakuwa na mapumziko. Na kazi yenyewe, jamani, ni miwa. Mapanga mamia, yananolewa kila asubuhi.

Jumamosi ikaja, ikapita. Jioni nilisimama kwenye migomba nikisikiliza nyundo. Nilikuwa nimezoea mlio wake tangu nizaliwe: nyundo ikipiga chuma cha moto hutoa sauti nzito, kama mtu anayepigwa mgongoni. Siku hiyo kati ya mapigo nilisikia mengine membamba, yanayolia. Leo najua kila mhunzi hugonga fuawe tupu kidogo ili kupumzisha mkono. Siku ile niliyahesabu, nikajikojolea kidogo, nikaficha sketi.

Jumapili baada ya misa Mama alipiga simu ya Baba mdogo. Haikupatikana. Akapiga tena mchana. Jumatatu alfajiri akapiga, asubuhi akapiga, halafu nikamsikia akimwambia bibi, "Huyu si kawaida yake." Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikakiweka chini. Nilijua ninachokijua, na kukisema ilikuwa sawa na kusema nimemuua.

Kwetu kuna mmea unaitwa sale, una majani marefu, unapandwa mipakani. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Hawezi kulikataa. Hata kama umemchomea nyumba, akiliona jani lazima asikilize. Nilikuwa nimeona mara moja wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani kwa miaka wakimalizana hivyo, kwa jani tu, mbele ya watu. Hakuna aliyeniambia kwamba ni jambo la watu wazima, linalokwenda kwa niaba ya ukoo. Sikuuliza. Ni mara moja katika maisha yangu sikuuliza.

Jumatatu hiyo nilitoka shule, nikachuma jani mpakani mwa kihamba chetu, nikalifunga fundo baya, nikavuka mfereji. Mzee Ndesario alikuwa amekaa kwenye gogo, anasugua kitu kwa tupa. Aliinua macho, akaona mtoto. Halafu akaona mkono wa mtoto.

Akasimama.

Wazee wa kwetu hawasimami kumpokea mtoto. Tupa ilianguka, hakuiokota. Alitazama jani, akatazama nyuma yangu, upande wa nyumbani kwetu, kama anayetafuta watu wengine njiani. Akafungua mdomo. Nikajua ndiyo, hapa ndipo anapotaja jina.

"Nani amekutuma?" Aliuliza polepole sana.

Swali lilelile. Mara ya kwanza nililijibu kwa uongo, na uongo huo ulikuwa unamuua mtu. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitasema kweli tupu.

"Sikutumwa na mtu," nikasema. "Nyumbani hawajui. Baba mdogo hakuagiza kisu, ni mimi nilidanganya. Usimuue. Niue mimi."

Alikaa tena kwenye gogo, taratibu, mkono ukitangulia kutafuta pa kushika. Nilikuwa nalia kwa sauti sasa. Mwishowe akanyoosha mkono, akalipokea jani, kwa sababu sale halikataliwi.

"Hakuna anayekufa," akasema. "Na kulabu yako nimeitoa. Kisu kikikunjwa inaingia wapi? Kwenye kidole cha nani? Mchoraji gani wewe?" Akanung'unika hivyo kwa muda, kuhusu makali ya shubiri yasiyoingia mpinini, kuhusu soda, huku akifunga kisu kwenye kipande cha gunia. Akaniwekea juu ya fuawe nikichukue mwenyewe. "Mpelekee. Mwambie asije."

Baba mdogo alipanda siku ya Jumatano, mzima. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia miwa. Nilimpa kisu, nikamweleza kila kitu. Alikifungua, kikakaza chenyewe. Alikifunga. Akaniuliza tu, "Ulimpelekea sale?" Sikuwahi kukiona tena, na Jumamosi kwenye mbege hakukionyesha kwa mtu. Waliendelea kutamani visu kama zamani.

Nilikuwa chuo mwaka wa pili shangazi aliponisimulia. Babu Aloisi alikuwa na mtoto wa kwanza, kaka yake Baba mdogo, akafa kwa homa akiwa mdogo. Siku ya mazishi babu alisimama mbele ya watu akasema ni nyundo ya Ndesario. Kuanzia hapo hakuna mtu wa kwetu wala jirani wa upande wetu aliyevuka mfereji. Hakuna aliyeoa kwake. Na walioanza kusimulia habari za fuawe tupu, ni sisi.

"Na mlijua ni homa?"

"Daktari alisema," shangazi akajibu.

"Sasa kwa nini hamkupeleka sale?"

"Tuliogopa."

Mzee Ndesario alikuwa ameshazikwa. Akilini niliona tu mkono wake ukiweka nyundo chini na kufutwa pande mbili kabla ya kugusa karatasi iliyotoka kwetu. Niliona jinsi alivyotazama njia nyuma yangu, akitafuta kama watu wazima wanakuja. Nilikuwa nimebeba mkononi kitu alichokingoja tangu kabla sijazaliwa, akaniuliza nani amenituma, nami, kwa kuogopa kusema uongo, nikamjibu kwamba sikutumwa na mtu.