Mzee Aliyesema Vita Ni Vyake

Sipendi mtu anayeniambia kwamba enzi zile sote tulikuwa kitu kimoja. Uongo mtupu. Vita vya msituni vilitugawa hata kanisani: waliosema vinadai mashamba yetu walikaa huku, waliosema ni wazimu wa kumwaga damu wakakaa kule, na sisi tuliokuwa na waume ndani ya waya wa kambi ya kizuizini tukajibanza karibu na mlango.

Mume wangu alikuwa ameshikwa kwa sababu ya kiapo cha kuwaunga mkono wapiganaji wa msituni. Tulikuwa vibarua wa kuchuma maua ya pareto katika shamba la mzungu huko Dundori, na ilisemekana kwamba waliokula kiapo kwa hiari yao watapelekwa kambi za mbali, lakini waliolazimishwa watarudishwa kazini. Mume wangu alikila kwa hiari, tena kwa madaha. Nilikuwa nimempelekea ujumbe aseme alilazimishwa, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Niliuogopa ulimi wake kuliko bunduki za askari.

Asubuhi moja tulikusanywa katika uwanja wa kambi. Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, alimleta mzee aliyekuwa kiongozi wetu wa siasa, mikono ndani ya pingu, ili avikane vita mbele yetu. Mzee aliomba afunguliwe, akafunguliwa, akavunja vijiti kwenye ua wa miti. Kwetu, mzee akisema barazani huweka kijiti chini kwa kila neno analolibeba. Kijiti kikishalala, neno ni lake, na anayekiokota amemvua mzee nguo hadharani.

Hakuvikana. Alisema kiapo kililetwa huku na yeye, akaweka kijiti. Alisema waliouawa katika vita hivi, wa upande huu na wa upande ule, aulizwe yeye, akaweka kingine. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, mlinzi wa upande wa serikali, akamtemea mate usoni. Mzee hakujipangusa. Mkalimani alitafsiri. Bwana Diisii aliandika, vijiti wala hakuviangalia.

Kisha wanaume wetu waliitwa mmoja mmoja, waulizwe kama walilazimishwa. Wote walijibu ndiyo. Zamu ya mume wangu ilipofika, akanyamaza. Alikuwa akimtazama mzee. Sote tulijua kwamba aliyelazimisha watu kula kiapo alinyongwa, na kila ndiyo ilikuwa inavuta kamba shingoni mwa yule mzee. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na saa ile nilimchukia mume wangu kwa uungwana wake.

Mzee ndiye aliyesema. "Huyu? Huyu nilimburuta. Alilia kama mtoto, akimwita mamake."

Akaweka kijiti. Watu wakacheka, hata askari. Mume wangu alikitazama kile kijiti, akainamisha kichwa, akasema ndiyo.

Aliachiwa papo hapo, tukarudi pamoja tukipita kando ya mashamba ya viazi. Nilitaka kuimba. Nyumbani nilimpa uji, asiunywe. Akaniuliza kama niliamini kwamba alilia.

Nikamwambia hapana.

"Hata yeye alijua sikulia," akasema. "Mimi ndimi niliyemfuata kwake nikamwomba kiapo. Alinikataza mara mbili."