Kibanio cha Dafina

Kwa miaka ishirini na sita Dafina Kehayova ndiye aliyekiosha kioo cha darubini kuu pale kileleni, mita mbili toka ukingo hadi ukingo, na hakuna aliyekigusa bila ruhusa yake. Sisi watu wa milima ya Rodopi hatuna ulimi mtamu, lakini yeye alizidi. Wataalamu wa nyota waliotoka mji mkuu, Sofia, walimwogopa kuliko radi.

Mkurugenzi mpya, Daktari Tsekov, hakumwogopa. Alimchukia tu. Alitaka kioo wakabidhiwe mafundi wa kukodi, na Julai ile, siku ya kuosha, akapanda na wageni watatu wa wizara waje kuona kazi inavyofanywa kizamani. Dafina alilijua hilo. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kioo.

Kanuni ya pale ni moja. Hupandi jukwaani juu ya kioo mpaka uvue pete, saa na mkanda, na mifuko uitoe nje, kitu kisije kikadondokea kioo.

"Pete," Dafina akasema.

"Mama Dafina, wageni wanasubiri."

"Wasubiri. Pete, saa, na hiyo kalamu ya kujishaua."

Wageni wakacheka. Tsekov akageuza mifuko, uso umemwiva.

"Haya, umeridhika?"

"Bado. Mkanda. Au unaogopa suruali itakukimbia?"

Dafina akainama juu ya kioo na pamba yake yenye povu, bado anamrushia maneno, kichwa kikimtikisika kwa hasira. Kibanio kikamchomoka nywelani, kikagonga kioo, kikateleza hadi katikati. Alikuwa amemkagua adui yake kila mfuko, akajisahau mwenyewe.

Mkwaruzo ulikuwa mrefu kama kidole.

"Lete kitabu cha kioo," Tsekov akasema huku akifunga mkanda wake taratibu. Alifurahi, wala hakuificha furaha yake. "Leo naandika mimi." Kitabu hicho, cha kila kosa na adhabu yake, siku zote alikiandika Dafina.

"Wewe? Hata kuupima huwezi, mjinga wewe!"

Dafina akaupima mwenyewe. Akaandika urefu, saa, sababu, na jina lake lote kwa herufi kubwa. Kisha mkono ukasita, na kwa mara ya kwanza wakamwona analia. Chini akaongeza kwamba mhusika asikaribie tena kioo maisha yake yote, maana ndivyo alivyowaandikia wawili waliomtangulia kukosa, na wote wawili walimpigia magoti bure.