Hapana Tisa za Nadine Pruitt

Barua ile aliileta mama yake mzazi. Opal Pruitt, miaka sabini na mitatu, aliendesha gari lake la kijani mpaka ukingoni mwa njia ya kurukia ndege, akashuka huku anaipunga bahasha kama anafukuza nzi.

Ilikuwa Juni. Mpunga ulikuwa umefika magotini, wenye mashamba wanataka mbolea iingie kabla hawajafungulia maji, na wiki hizo rubani wa ndege za mbolea kule Arkansas, Marekani, hana muda hata wa kujikuna. Nadine alikuwa ndani ya ndege yake ya manjano, injini inanguruma, mpakiaji anaijaza mbolea ya yurea. Alimfanyia mama yake ishara ya mkono: ngoja. Mama hakungoja. Hajawahi kungoja.

"Imetoka serikalini!" alipaza sauti. "Nimeifungua. Usinitolee macho, nimekuzaa mimi. Zima hicho kidude ushuke."

Nadine alizima, akashuka.

Barua ilikuwa fupi, haina tusi hata moja, na ndiyo maana iliuma. Ofisi ya usalama wa anga ilikuwa imelinganisha orodha yake na orodha ya ofisi inayowalipa askari wa zamani. Katika orodha hiyo ya pili, Nadine Pruitt, miaka arobaini na saba, alikuwa analipwa fidia ya ulemavu kwa mambo matatu: uti wa mgongo, masikio yanayovuma, na mshtuko wa vita. Sasa, kila rubani anapokwenda kupimwa afya hujaza fomu, na katika fomu hiyo kuna swali linalouliza kama unapokea fidia ya ulemavu kutoka popote. Nadine alikuwa ameulizwa mara tisa, mwaka baada ya mwaka. Mara tisa ameandika Hapana. Ajieleze kwa maandishi ndani ya siku thelathini, na mpaka atakapojibiwa asirushe ndege.

"Umewadanganya?" mama aliuliza.

"Nimejibu kama wanavyojibu wenzangu."

"Sikuuliza wenzako. Wenzako sikuwanyonyesha."

Nadine hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Alitoka shule akakuta mji wao una milango miwili tu kwa msichana: kiwanda cha kunyonyoa kuku, au jeshi. Akachagua jeshi, wakamfundisha kurusha helikopta, wakampeleka Iraq kubeba majeruhi. Siku moja helikopta iliangukia mkia, na nyuma ana watu wanne wanaovuja damu. Aliwatoa mmoja mmoja kwa mikono yake, halafu ndipo akagundua kwamba hawezi kunyooka. Mgongo ule haujanyamaza mpaka leo. Masikio nayo yanapiga filimbi. Na kuna harufu moja ya nguo iliyoungua ambayo ikimjia usingizini anaamka amesimama.

Aliporudi nyumbani, mshauri wa askari wa zamani pale wilayani, jamaa mwenye mguu mmoja na mdomo usio na breki, alimkalisha chini. "Hapa usijifanye simba," alimwambia. "Niambie siku yako mbaya kuliko zote, na usipunguze hata chembe." Nadine alisema, akalia, akaandikiwa fidia. Haki yake. Aliilipia kwa mifupa.

Halafu akapata kazi kwa Harlan Diggs.

Harlan, miaka sitini, naye ni askari wa zamani, alirusha helikopta katika vita ya kwanza ya Ghuba. Ana ndege tatu za mbolea, banda moja la mabati, na sauti inayofika kwa jirani bila simu. Pale bandani kulikuwa na desturi. Rubani akikaribia siku ya kupimwa, wenzake humwandaa kama bibi harusi. Siku tatu hanywi kahawa, presha isipande. Hagusi nyama ya chumvi. Anakaririshwa herufi za ubao wa macho, kwa kuwa ubao wa mji ule haujabadilishwa tangu zama za Nuhu. Na alasiri ya kuamkia kupimwa, Harlan hukaa kichwani mwa meza kuhubiri.

"Daktari wa urubani si daktari," husema. "Ni polisi aliyevaa koti jeupe. Unampa nini polisi?"

"Jina na tarehe ya kuzaliwa!" wote hujibu.

"Swali la fidia?"

"Hapana!"

Wanacheka, wanagonga meza. Anayefaulu hununulia banda zima kambare wa kukaanga. Nadine alikuwa mwanamke pekee. Miaka yake yote jeshini alifanya kazi mara mbili ili ahesabiwe mara moja, na hakuwa tayari kuwa yule mwanamke anayelialia mgongo mbele ya wanaume. Akaandika Hapana, akanunua kambare. Mwaka uliofuata ikawa rahisi zaidi. Uongo ni kama kiatu kipya, unabana siku ya kwanza tu.

Kesho yake baada ya barua alikwenda kwa Daktari Ogletree, yule yule anayewapima wote. Mzee mkavu, miwani kwenye ncha ya pua. Aliisoma barua mara mbili, akaiweka mezani kwa kidole kimoja kama kitu kilichooza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesaini?"

"Bi Nadine, mgongo wako nimeuona miaka tisa. Unaruka kutoka kitandani hapo kama sungura. Masikio? Nionyeshe rubani wa mbolea ambaye masikio yake hayalii. Ningeandika mistari miwili, basi."

"Na la tatu?"

"Hilo ningetaka barua ya anayekutibu, tuipeleke juu, wakae nayo miezi miwili, mitatu. Wakati wa baridi, ambapo hamrushi kitu. Kisha wangekupa cheti cha ruhusa maalumu. Ni kile kile, isipokuwa chini kina mstari mmoja: hakitumiki baada ya tarehe fulani mpaka ulete barua mpya. Unarusha kama kawaida." Alivua miwani. "Ugonjwa wako haujawahi kuwa kosa, mama. Kosa ni hilo neno. Wanaweza kumvumilia mgonjwa. Mwongo watamvumilia vipi, na ndege ile inapita juu ya nyumba za watu?"

Nadine alihisi uso unawaka. "Kwa hiyo kuna watu wanaosema Ndiyo na bado wanarusha?"

"Wapo tele. Nimepeleka za watu wengi, hata pale kwe..."

Daktari alifunga mdomo. Akaanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika.

Pale kwenu. Nadine hakuhitaji amalizie. Bandani walikuwa marubani watatu tu: yeye, Harlan, na Boyd Ketchum, ambaye hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Alirudi kwa mwendo ambao ungemtia pingu kama barabara ingekuwa na polisi.

Harlan alikuwa anajaza mafuta.

"Eh, binti! Umerudi? Usitie wasiwasi, hao jamaa wa ofisini..."

"Nionyeshe cheti chako."

"Cheti gani?"

"Cha afya. Unatakiwa uwe nacho kila unaporuka. Kitoe."

"Nadine, ndege inangoja."

"Ingoje. Kitoe, Harlan, au nikupekue mwenyewe mbele ya wapakiaji, na unajua nitafanya."

Alijua. Akatoa pochi. Cheti kilikuwa nyuma kabisa, kimejificha chini ya leseni ya kuvulia samaki. Nadine alikifungua. Chini ulikuwepo ule mstari, umechapwa kwa wino mweusi: hakitumiki baada ya tarehe thelathini Novemba.

Mafuta yalianza kumwagika kutoka kwenye bomba, wala hakuna aliyeyatazama.

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na minne," Harlan alisema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikufika kwa jirani.

"Miaka kumi na minne wewe unaandika Ndiyo. Unapeleka barua yako kimya kimya kila vuli. Halafu unakaa kichwani mwa meza unatukaririsha Hapana?"

"Sikutaka mjue. Mimi, Harlan Diggs, naenda kwa mtu wa akili kila mwezi? Wenye mashamba wangesemaje? Ule ulikuwa utani tu, binti. Maneno ya bandani. Sikudhani kuna mtu ataandika kweli."

"Utani! Umenitazama nikiondoka hapa asubuhi mara tisa kwenda kupimwa. Kambare wangu umekula sahani tisa. Hujasongwa hata na mwiba?"

"Nadine..."

"Usiniite. Aibu ni yako, ukaivua, ukanivika mimi! Nimezunguka nayo miaka tisa nadhani ni ngozi yangu. Ungenivuta pembeni. Neno moja tu: mwenzangu, sema kweli, wanakubali. Neno moja, Harlan! Tunalala na vita vichwani wewe na mimi!"

Harlan alifunga bomba la mafuta. Akainama kufuta yaliyomwagika. Nadine alimtazama, asimhurumie. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, ila hawakusema kwamba wakati mwingine anaficha mmoja na kulizwa mwingine.

Nyumbani alikaa kwenye meza ya jikoni kuandika. Rasimu ya kwanza ilimtaja Harlan mistari kumi na saba. Opal aliisoma huku anamenya maharage.

"Tamu," alisema. "Ipeleke. Mchome, utie na picha yake."

Nadine aliichana. "Mkono ulioandika ni wangu, Mama. Hakunishika kidole."

"Kwa hiyo unamwachia?"

"Sijasema hivyo. Huyo nitamalizana naye kwenye meza yake."

Barua aliyopeleka ilikuwa na maneno machache: Nilijua jibu ni Ndiyo. Niliandika Hapana mara tisa kwa kuogopa kuzuiwa kuruka. Sikukosea kusoma swali. Akaambatanisha kila karatasi ya matibabu yake, kuanzia ile ya hospitali ya jeshi.

Jibu lilikuja wiki ya mwisho ya Julai. Cheti kimefutwa. Anaweza kuomba upya baada ya mwaka mmoja, akieleza yote, na ombi litaangaliwa kama la mtu mwingine yeyote. Aliisoma barua hiyo amesimama bandani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa suruali.

Harlan alikuwa pembeni, kofia mkononi. "Nitakulipa mshahara wa rubani mwaka mzima. Ukae nyumbani upumzike."

"Sili pesa ya kunyamazishwa. Nipe koleo."

"Nini?"

"Nitapakia mbolea. Nataka uwe unaniona kila ukitua. Na Alhamisi, Boyd anaandaliwa kupimwa. Utakaa kwenye kiti chako."

"Unataka niseme nini?"

"Umekuwa mhubiri miaka yote hii, leo unaniuliza mimi mahubiri?"

Alhamisi alasiri waliketi. Boyd, mtu mnene mwenye masihara, alikuwa siku ya tatu bila kahawa na kichwa kinamgonga. Wapakiaji wawili walikaa juu ya magunia. Nadine alisimama mlangoni, yurea imemkauka usoni na jasho, mgongo unamkata.

"Haya, mzee!" Boyd alisema. "Daktari wa urubani si daktari, ni..."

Alingoja. Harlan alitoa pochi, akachomoa leseni ya kuvulia, akachomoa kilichokuwa nyuma yake, akakisukuma mezani.

"Soma mstari wa chini," alisema. "Kwa sauti."

Boyd alisoma. Akasoma tena, bila masihara.

"Ni cha kwangu," Harlan alisema. "Kichwa changu kina vita ndani, na serikali nimeiambia kweli miaka kumi na minne. Ninyi niliwaambia uongo." Akanyoosha kidole. "Boyd, ile presha yako na vile vidonge unavyoficha kwenye gari. Kesho viandike."

Boyd alijishika kifua kana kwamba vidonge viko pale. "Nani kakwambia kuhusu vidonge?"

"Mke wako, kanisani. Viandike."

Hakuna aliyegonga meza. Harlan akageuka kumtazama Nadine, macho yamejaa, anasubiri kama mtu aliyekwisha kulipa na sasa anataka risiti.

Nadine hakumpa.

"Umechelewa miaka tisa," alisema, akaokota koleo. "Na shamba la akina Hargis linangoja. Ndege yangu imejaa. Panda uirushe, na ukiirudisha na mkwaruzo tutasemezana."

Harlan alivaa kofia, akatoka. Nadine alisimama juani akaitazama ile ndege ya manjano ikikimbia, ikinyanyuka, ikilalia bawa la kushoto juu ya mpunga, upande ambao yeye hupenda kuanzia. Alihesabu miezi kumi na miwili kwa vidole, akatema mate chini, akaenda kufungua gunia jingine.