Neno Sahihi Mbele ya Akida

Mimi niliyeanza kwa kubeba mizigo ya misafara hadi nikawa na duka Dodoma, niliamini hakuna la kunishangaza duniani. Mvi zilipoanza nikanunua kamusi, mwalimu wa misheni akawa ananifafanulia maana. Nikamsahihisha kila mtu, hata wazee kwenye pombe.

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, akida wa serikali ya Wajerumani alipita kijiji cha Haneti akihesabu ng'ombe: mwenye wengi atoe nusu, ili askari wapate kula. Wangu nilikuwa nimekwisha kuwatawanya. Sita walikuwa hapo Haneti kwa rafiki yangu Madeje, kwa desturi ya Wagogo: yeye anachunga na wajukuu zake wanakunywa maziwa, lakini mwenye ng'ombe ni mimi. Siku hiyo nilikuwa hapo nikinunua uwele.

"Hawa wa nani?" akida akauliza.

"Wangu, bwana," Madeje akajibu.

Jibu hilo likanikera. Kijiji kizima kinasikiliza, nami nina kamusi kwapani!

"Samahani, bwana akida," nikasema. "Kiswahili kinamtatiza mzee huyu. Neno sahihi ni amana."

"Aa! Amana ya nani?"

Madeje aliniangalia, akainamisha kichwa. Hakunitaja. Lakini watu wote walikuwa wamekwisha kunigeukia.

"Kumbe tajiri una zizi la pili," akida akacheka. "Basi wako sichukui nusu, nachukua wote."

Jioni wajukuu wa Madeje walikuja na vibuyu vyao, wakasimama mlangoni mwa zizi tupu. Nikaificha kamusi ndani ya gunia la uwele.

Neno hilo moja lilinigharimu ng'ombe sita, na faini ya rupia kumi na tano kwa kuficha mifugo.