Vibuyu vya Naipanoi Ndani ya Gari Jipya

Siku niliyomwona Naipanoi kwa mara ya kwanza, punda wake wanne walikuwa wamenikimbia. Si mimi hasa, ni gari. Lilikuwa jipya, limefika Moshi kwa treni, na Mjerumani mwenye shamba karibu na Maji ya Chai alikuwa ameniachia niilainishe injini yake mpaka arudi kutoka Tanga. Punda waliingia migombani, vibuyu vya maziwa vikabiringika, na mwanamke mrefu wa Kiarusha akasimama katikati ya barabara akiningoja nishuke. Nilishuka. Sikuwa na la kusema, nikamwamkia kwa lugha yake, "Takwenya." Akaitika, "Iko," kisha akanionyesha punda aliyekimbilia mbali kuliko wote, nikamfuate.

Wakati huo nilikuwa na hofu moja tu. Bwana alisema akirudi atapakia magunia ya mahindi, na gari lipande mpaka bomani Arusha bila kuchemsha. Likishindwa, narudi kubeba mizigo kichwani, kazi niliyoifanya miaka sita. Fundi wa Moshi alinionya kwamba injini mpya haikimbizwi wala haibebeshwi mzigo mzito, kwa sababu vyuma vyake bado havijazoeana. Mimi nikalishika neno polepole, nikaenda polepole kila mahali, tambarare na mlimani, gia ileile. Hata nikisimama sikuizima, kwa kuuogopa mpini wa kuiwashia, uliokwisha kunipiga mkono. Kila nilipokaribia Tengeru, maji ya kupoza injini yalichemka.

Naipanoi alikuwa mjane aliyepeleka maziwa ya mgando Arusha siku za soko, kwa hiyo tulikutana mara nyingi, na mara nyingi punda wake walinipita. Wauza ndizi waliniuliza kama nalipeleka gari au nalichunga. Siku moja alinikuta nimekaa pembeni, nangoja mvuke uishe. Akalizunguka gari, akaligusa, akaondoa mkono haraka.

"Unaliendesha kama mtu anayesindikiza maiti," alisema. "Punda mpya hafunzwi hivyo. Ukimzoesha mwendo mmoja, ndio huohuo atakaoujua mpaka afe."

Kwao punda ni mali ya wanawake, na yeye alikuwa amewafunza zaidi ya ishirini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Punda mpya hutembea kidogo, hukimbia kidogo, kisha hulegezwa. Mlimani huachwa apige hatua fupi za haraka, halazimishwi kujivuta. Akisimama, apumzike kweli. Na mzigo wa kwanza ni vibuyu vitupu, halafu vya nusu, halafu vilivyojaa. Alipomaliza aliweka vibuyu viwili vitupu nyuma ya gari, bila kucheka, akaniagiza nimpelekee dada yake Nosim, aliyeuza maziwa sokoni.

Nilifanya kama alivyosema. Kwenye tambarare nilikaza mwendo, nikalegeza, nikakaza tena. Mlimani nilishusha gia, injini ikazunguka kwa wepesi. Niliposimama nilizima, nikapambana na ule mpini. Maji yalitulia, na vibuyu vilifika vizima.

Wiki iliyofuata vilikuwa na maziwa nusu. Nosim alifungua kimoja akakuta siagi, kwa jinsi nilivyokitikisa njiani. Nikaletewa ujumbe kwamba naendesha kama mwizi wa mbuzi. Nikajirekebisha. Nilipomwaga mafuta ya kwanza ya injini, kama fundi alivyoagiza, niliona unga wa chuma unameremeta ndani yake, nikaogopa. Naipanoi alichungulia akasema hata mwanapunda hunyonyoka manyoya yake ya kwanza. Kufika mwezi wa saba, vibuyu vilivyojaa vilifika Arusha bila tone kumwagika.

Siku hizo nilimtuma Nosim amuulize dada yake kama angependa kupanda gari, maana mwenyewe nilishindwa. Jibu lilikuwa kwamba hapandi mnyama asiyefunzwa.

Bwana akarudi, akapakia magunia manane. Tukapanda, Tengeru ikabaki nyuma, na kifuniko cha maji hakikutoa hata mvuke wa kikombe cha chai. Bomani alikigusa kwa kidole, akaguna, akaniambia kesho nirudi shambani kuchukua mengine. Sikurudi kubeba mizigo kichwani.

Nilikwenda moja kwa moja sokoni. Naipanoi alinitazama usoni akajua kabla sijafungua mdomo.

Asubuhi yake habari za vita vya Wajerumani na Waingereza zilifika bomani. Askari walilichukua gari, na mimi pamoja nalo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeliweza. Niliporudi baada ya miaka mitatu, Nosim aliniambia dada yake amehamia Oldonyo Sambu na kuolewa huko. Sikumwona tena. Lakini jioni ile sokoni alikuwa amewafungua punda wake, akawapiga kofi la mgongoni waende.

"Hawa wanaijua njia ya nyumbani," alisema. "Kesho nitapanda mimi mwenyewe. Na wewe utafute la kusema, maana mpaka Maji ya Chai ni mbali."