Thelathini kwa Chaki

Zinaida Arkhipovna alikuwa na miaka ishirini na sita ya kupima mionzi katika kituo kimoja cha utafiti mashariki mwa Ukraina, na miaka yote hiyo alihesabu dozi kwa rad, kipimo cha zamani. Mwaka 1983 lilipokuja agizo kutoka juu kwamba rad ziachwe na kipimo kipya, grei, kishike nafasi, alilisoma, akalikunja, akaliweka chini ya birika la chai. Grei moja ni rad mia, miligrei kumi ni rad moja. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne, alisema, na mtu mzima hana haja ya kusumbuliwa nayo.

Na alikuwa na chaki yake. Akishapima mahali, aliandika ukutani dozi ya saa moja, namba tupu, bila kipimo. Mafundi waliziamini namba zile kuliko walivyowaamini madaktari. Basi alipohamia mhandisi Eleonora Markivna kutoka Kiev, na kipimia kipya cha miligrei, akaandika namba na maelezo yake yote, Zinaida alimcheka mbele ya watu.

"Unamwandikia nani barua ya mapenzi, mwenzangu? Hapa namba inatosha."

Eleonora aliona haya. Tangu siku hiyo akaandika namba tu.

Asubuhi moja ya Machi kobalti, chanzo cha mionzi cha kituo, ilikwama juu ya kisima cha maji yanayoizuia mionzi yake, badala ya kuzama. Fundi Havrylo Prokopovych, ambaye wenzake walimwita Prokopych, angeingia dakika mbili tu kuikwamua kwa fimbo ndefu. Alibakiza miezi mitatu astaafu, na alishazungumzia mizinga yake ya nyuki mpaka watu wakachoka. Wale wanawake wawili walitangulia kupima ujia wa kuingilia, ambao una vishubaka viwili vya kujikinga ukutani. Zinaida alichukua cha kushoto, Eleonora cha kulia, kila mmoja akaandika namba yake ukutani, wakatoka mbio. Prokopych akaingia, na lango la zege likafungwa nyuma yake kama sheria ilivyotaka.

Fimbo ikavunjika. Alipogeuka atoke, mota ya lango ikaungua, moshi ukajaa chumba cha nje.

Lango lilikuwa la tani nane. Wanaume wanne walishika mpini wa kulizungusha kwa mkono, wakipokezana, nalo likasogea kwa upana wa kidole. Msimamizi alitazama, akasema kazi itachukua saa mbili, labda zaidi. Zinaida akakimbilia kipaza sauti cha ukutani, cha kuongea na aliye ndani.

"Prokopych! Umesimama wapi?"

"Kwenye shubaka, wapi tena? Nimebanwa humu kama tango kwenye chupa."

"Jibane hivyo hivyo. Usitoe hata pua."

"Waambie wasininywee chai yangu, hao wavivu."

Akarudi kwa wanaume, akashika mpini naye, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye mgongo mbovu, akasukuma mpaka viganja vikachubuka. Kukaa bure kulimshinda. Ilipotimia nusu saa na dakika kidogo aliona afadhali ajumlishe dozi, akamwomba Eleonora daftari lake.

"Shubaka la kulia, hamsini," Eleonora alisoma.

"Hamsini? Mbona kubwa hivyo? Langu ni thelathini."

"Miligrei hamsini. Kama agizo linavyosema."

"Na ukutani umeandika nini?"

"Hamsini." Eleonora alimtazama. "Namba tu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Zinaida alilinyakua daftari. Hamsini zile zilikuwa rad tano. Thelathini zake zilikuwa rad thelathini, mara sita zaidi, na mtu yeyote mwenye akili timamu akiona thelathini na hamsini atakimbilia thelathini. Alikirudia mbio kile kipaza sauti.

"Prokopych, upo kwenye shubaka lipi?"

"Lako. Lenye thelathini."

"Toka humo! Nenda la kulia, sasa hivi!"

"Zina, umerukwa na akili? Kule wameandika hamsini."

"Hamsini ndogo! Nenda, nakuomba, nenda, Mungu wangu!"

Zikasikika hatua, kisha kishindo cha bega ukutani.

"Haya, nimefika. Baba wa watu mnamkimbiza kama kuku. Miaka ishirini naishi kwa chaki yako, leo ndiyo unaikana?"

Zinaida alikuwa amekwisha piga hesabu bila kutaka: dakika thelathini na tano, rad kumi na saba na nusu. Dozi iliyoruhusiwa kwa mwaka mzima ilikuwa rad tano. Nyuma yake mpini ulilia, wanaume wakahema, na lango lilikuwa bado halijafungua nafasi ya kupitisha mkono.

"Zina. Nimekula ngapi?"

Alifungua mdomo aseme kumi na saba na nusu. Prokopych angeielewa mara moja, kisha angekaa na namba hiyo peke yake nyuma ya lango saa nzima na zaidi.

"Sifuri nukta moja saba tano," alisema. "Grei."

Kicheko kikubwa kikajaa kwenye kipaza sauti.

"Sifuri nukta! Ndiyo ukapiga kelele zote zile? Umenitisha, mama wee! Basi nangoja nyuki wangu."

Akaanza kupiga mluzi. Zinaida alibaki ameegemea ukuta, viganja vikitoa damu. Ilikuwa kazi ya kuzidisha kwa mia tu ili kupata rad, na hakuweza kumfanyia.