Saidi Aliyepanda Kwanza

Usiponiamini shauri yako, lakini haya yamenitokea mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua linawaka, na sikuwa nimekunywa kitu.

Ilikuwa ile miaka gesi ilipogunduliwa huku Palma, Msumbiji. Wageni wa gesi wakipata likizo wanakodi boti kubwa wiki nzima, wanakula humo, wanalala humo, mchana wanazamia kuangalia samaki. Mimi kazi yangu kujaza mitungi ya hewa. Saidi, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, ndiye aliyewaongoza chini. Kwa Saidi napigana na yeyote, hata leo.

Siku hiyo tuko karibu na kisiwa cha Rongui. Wageni wanne wakapanda kutoka majini, Saidi bado. Sasa kwetu mtu akiwa majini hatumwiti jina. Unapiga mluzi, unagonga bati, ila jina hulitaji, maana huko chini wapo wengine wanaosikia. Bibi alinifundisha, nilijua. Lakini mkondo ulikuwa mkali, dakika zinapita, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikapanda juu ya kibanda cha usukani, nikaita kwa sauti yote, Saidi, we Saidi.

Akatokea papo hapo kwenye ngazi. Nikampa mkono, nikamvuta. Baridi kama samaki wa kwenye barafu. Akakaa kwenye benchi na mtungi mgongoni, hataki kuuvua. Nikamtukana kidogo, matusi yetu ya mapenzi. Hakucheka. Saidi asicheke? Yule hata msibani anacheka.

Nahodha, tukimwita mestre, akahesabu vichwa, akasema wote wapo, tung'oe nanga. Injini ikawaka. Mimi nikaangalia kipimo cha hewa cha yule mtu. Mshale uko juu kabisa, mtungi umejaa vilevile nilivyoujaza asubuhi. Niambie, nani anakaa chini karibu saa nzima bila kuvuta hewa?

Nikaenda nikazima injini. Mestre akanikamata shati.

"Una wazimu, we mtoto? Saidi si huyo amekaa."

"Huyo simjui, mestre. Ukitaka kuondoka, nitupe mimi kwanza."

Nikamsukuma, akaangukia kamba. Tulipogeuka, benchi tupu. Mbao kavu, hata tone la maji hakuna. Mestre akainuka, akawasha injini, tukafuata mkondo.

Saidi tulimkuta mbali, anaelea, midomo myeupe. Alisema alinisikia naita. Akataka kuitika, sauti nyingine ikamtangulia, ikasema naam.

Kazi nilifukuzwa. Sikusikia uchungu. Tangu hapo sisikii sana kitu; mkono huu niliompa yule, ukiuchoma mwiba ni kama unachoma gogo. Saidi yu hai, ameoa, analima Pundanhar huko bara, bahari hataki hata kuiona. Ila ukimwita jina lake haitiki, mpaka mkewe amguse bega. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Lile si langu tena, lina mwenyewe."

Kwa hiyo wewe unayekwenda kufanya kazi kwenye boti zile, mtu wako akichelewa majini, gonga bati mpaka mikono ivimbe. Usimwite. Na kama umeshaita, akaja mtu, usimpe mkono.